Pogoa Kabla ya Kung'oa: Kompyuta ya Mama na Mwisho wa Windows 10

Najua nimenyamaza siku nyingi. Mmoja wenu aliniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta nikarudi nyumbani kuchuma chai. Hakukosea sana. Nilirudi nyumbani, upande wa Bomet, si mbali na Silibwet, lakini kilichonirudisha hakikuwa chai. Ilikuwa kompyuta ya Mama. Naandika habari zake kwa sababu swali lililotupata sisi najua limewapata wengi: kompyuta ya nyumbani ikizeeka, uendelee nayo au ununue nyingine?

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa. Endelea nayo, lakini usiendelee nayo vile ilivyo. Mwenye muda na avute kiti.

Mambo yalianza Oktoba 2025. Mama alinipigia simu jioni, sauti yake ile ya mtu aliyevunja kitu cha mwenyewe.

"Mwanangu, kompyuta inasema imefika mwisho."

Nilimwomba anisomee kilichoandikwa. Akasoma polepole, neno kwa neno. Ulikuwa ujumbe wa Microsoft uliojaza skrini nzima: huduma kwa Windows 10 inakwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta hii haitimizi masharti ya Windows 11. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepita duka moja mjini, na fundi wa pale akamwambia mashine ya aina hiyo mahali pake ni makumbusho. Akamwonyesha laptopu ya shilingi 42,000.

Sasa, kwa wale msiotoka pande zetu, lazima mwelewe Oktoba ni mwezi gani. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka hulipwa kile tunachokiita bonasi. Bonasi ndiyo inayolipa karo, inayoezeka nyumba, inayomaliza madeni ya duka. Kila mwenye kitu cha kuuza katika Kericho na Bomet anaijua tarehe ya bonasi kuliko mkulima mwenyewe. Na bonasi ya 2025 ilishuka. Wakulima wa pande zetu walilalamika kwa uchungu, na Mama alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo shilingi 42,000 kwetu haikuwa bei ya laptopu tu. Ilikuwa karo ya dada yangu ya Januari pamoja na kitu juu yake.

"Nitoe hizi pesa, au ningoje?" Mama akaniuliza.

Mimi ndiye mwenye digrii ya kompyuta katika boma letu, basi ilinipasa kujua. Na kusema kweli, nilikuwa karibu kusema nunua. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo. Kazini natumia mashine yenye RAM ya GB 32, na ikichelewa sekunde mbili nanung'unika. Kwetu kitu cha zamani ni kitu kilichoharibika. Lakini nikamwambia, "Mama, usilipe kitu. Nakuja wikendi."

Tuijue mashine yenyewe

Ni Dell OptiPlex 7010, mfano wa mwaka 2012, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu. Ni zile tunazoziita "ex-UK": kompyuta za ofisi za Uingereza ambazo zikishatumika huko miaka michache huletwa kwetu na kuanza maisha ya pili. Tuliinunua 2017 nilipoingia chuo, shilingi 14,000 pamoja na skrini. Juu yake nilijifunza lugha ya C, nikaandika mradi wangu wa mwaka wa mwisho, nikatuma maombi ya kazi. Nilipopata kazi niliiacha nyumbani.

Nyumbani ina kazi zake. Mama anaingiza kilo za majani kila siku katika jedwali, ili mwisho wa mwezi alinganishe na hesabu ya kiwanda. Dada yangu anaandikia kazi za shule na kutazama masomo. Majirani wanakuja kwa ajili ya eCitizen, na kila Juni wanakuja kupeleka ritani za KRA dakika za mwisho. Mtu akisema simu inatosha, mwambie ajaribu kuandika barua ya kuomba kazi na kuambatisha vyeti vitano kwenye skrini iliyopasuka.

Nini hasa kilikwisha?

Hapa wengi wanachanganyikiwa, na wauzaji hawana haraka ya kuwachanganua. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 haikuzimika. Kompyuta iliwaka asubuhi ya tarehe 15 kama kawaida. Kilichokwisha ni viraka vya usalama vya bure vya kila mwezi. Ni kama boma ambalo fundi wa ua ameacha kazi. Lango bado linafungwa, ng'ombe bado wamo ndani, lakini tundu likitokea kwenye ua hakuna wa kuliziba, na wezi wana muda wa kuzunguka.

Wala si hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani na kuvuruga hata hospitali za umma za Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioathirika walikuwa na Windows 7, iliyokuwa bado inapewa viraka wakati ule, ila hawakuviweka. Basi kama aliyekuwa na kiraka mkononi aliumia kwa kutokiweka, je, asiyeletewa kiraka kabisa? Kwa hiyo simuungi mkono yule anayesema "mimi naendelea na Windows 10 yangu, haijanisumbua." Kwa mtu anayefungua barua pepe za majirani na kuingiza nambari za siri za KRA, huko ni kujitafutia balaa.

Kwa nini basi tusiweke Windows 11 tu? Kwa sababu ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 ilikuja na masharti: kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane au baadaye, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilianza 2017. Yaani aliyenunua kompyuta mpya kabisa 2016 alifungiwa mlango. OptiPlex yetu ina TPM 1.2. Nguvu ya kuendesha jedwali la Mama inayo, na inabaki nyingine nyingi. Kinachokosekana ni jina lake kwenye orodha.

Niwe mwadilifu. TPM si ujanja mtupu wa biashara. Inatunza funguo za kusimba data, ili mwizi akichukua mashine asiweze kusoma diski. Kwa benki au hospitali ni jambo la maana. Kwa jedwali la kilo za chai, sioni kama inafaa kugharimu karo ya muhula.

Microsoft walitoa pia mwaka mmoja wa nyongeza ya viraka kwa watu binafsi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuingia na akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yake kwao. Si vibaya, ni pumzi. Ila tuseme ukweli wetu: kompyuta ngapi huku zina Windows halali? Nyingi ziliwekewa kopi ya mtaani na fundi mwenye flashi mfukoni. Na mwaka mmoja ni mwaka mmoja.

Hesabu ya umeme

Hoja niliyoisikia sana ni hii: mashine kuukuu inakula umeme, kwa hiyo mpya itajilipa. Nimesoma kompyuta, si kuamini maneno. Nilichukua kifaa cha kupimia, nikakiweka kwenye soketi. OptiPlex pamoja na skrini yake, kwa kazi za kawaida, ilitumia kama wati 60. Laptopu yangu ya kibinafsi, kama wati 20.

Nyumbani inawashwa saa 4 kwa siku. Wati 60 kwa saa 4 kwa siku 30 ni yuniti 7.2. Laptopu ingetumia yuniti 2.4. Nikihesabu shilingi 28 kwa yuniti pamoja na makato yote, ya kwanza inakula shilingi 202 kwa mwezi na ya pili shilingi 67. Tofauti ni shilingi 135, yaani kama 1,600 kwa mwaka. Laptopu ya shilingi 42,000 ingehitaji miaka 26 ili umeme uirudishe. Kabla ya hapo laptopu hiyo itakuwa imeitwa ya makumbusho mara tatu.

Na kwa wanaojali mazingira, nao wapo wasomaji wangu wa namna hiyo: sehemu kubwa ya uchafuzi wa laptopu hutokea kiwandani inapotengenezwa, kabla hujaibonyeza kitufe. Umeme wa Kenya kwa kiasi kikubwa ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Kwetu, basi, kutumia mashine iliyokwishatengenezwa ni usafi kuliko kuagiza nyingine itengenezwe ng'ambo.

Kupogoa

Ijumaa usiku nilifika nyumbani. Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua kompyuta, Mama alinituma kupeleka chai kwa vijana waliokuwa wakipogoa kipande cha juu. Msiojua: mchai ukiachwa unapanda juu, majani yanapungua, na mchumaji anachoka. Kwa hiyo kila baada ya miaka 3 au 4 unakatwa mpaka karibu na magoti. Siku ile shamba linaonekana limekufa, ni vijiti vitupu. Baada ya miezi michache machipukizi yanarudi, na ni mengi kuliko ya kwanza. Chai ya biashara ilianza Kericho miaka ya 1920, na hakuna mkulima huku anayeng'oa mchai kwa sababu tu una miaka 13. Angetukanwa na mkewe.

Nikasema, basi na hii tuifanye hivyo.

Nilifungua mashine. Vumbi lililokuwa ndani lingetosha kupanda viazi. Nikasafisha, nikabadilisha betri ndogo ya bodi ambayo ilikuwa inasahau tarehe. Nilikuwa nimenunua SSD ya GB 240 kwa shilingi 3,500 na vipande viwili vya RAM vya mtumba vya aina ya DDR3, GB 4 kila kimoja, kwa shilingi 1,600. Na betri, shilingi 100. Jumla shilingi 5,200.

Ndipo nikakutana na aibu yangu. Diski ya zamani ilikuwa inagonga. Waliowahi kuisikia sauti ile wanaijua, tk, tk, tk, kama saa ya ukutani inayotaka kukuambia jambo. Ndani yake kulikuwa na majedwali ya Mama ya miaka mitatu, na hakukuwa na nakala nyingine popote. Mimi, ninayewahubiria wenzangu kazini kuhusu nakala za akiba, sikuwahi kumwekea mama yangu hata flashi moja. Nilikesha nikinakili faili moja moja. Nilipata karibu zote. Faili ya mwaka 2023 haikufunguka, wala haijafunguka hadi leo.

"Si risiti ziko," nikasema, nikijifariji. Mama alitoa mkebe wa Kasuku anaotunzia risiti za mizani. Za 2023 zilikuwa nyeupe. Karatasi zile za mashine hufifia. Mwaka mzima wa kuamka saa kumi na moja, na hakuna palipoandikwa isipokuwa kwenye vitabu vya kiwanda.

Mama alitazama karatasi, akatazama diski, akanitazama mimi. "Karatasi inafifia, diski inakufa. Na wewe ulisomea nini huko?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilijifunza jambo ambalo ndilo kiini cha maoni yangu haya. Hatari ya kompyuta kuukuu haiko pale tunapoitazama. Tunahofia prosesa, mwaka wa kutengenezwa, sura yake. Prosesa ya 2012 haikutupotezea kitu. Kilichotupotezea ni diski isiyo na nakala, na ningenunua laptopu mpya ya 42,000 bila kuweka nakala ningekuwa nimenunua balaa lilelile kwa bei ya juu.

Mfumo endeshi

Kwenye SSD niliweka Linux Mint, toleo la 22, lenye sura ya Xfce ambayo ni nyepesi. Najua nikisema Linux baadhi yenu mnafunga ukurasa. Ngojeni. Kwanza niliiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikajaribu kila kitu: intaneti, sauti, printa. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo, na isipompendeza anaizima na hakuna kilichobadilika. Ilipokubali ndipo nikaiweka kabisa.

Kazi za nyumbani kwetu ni zipi? eCitizen, KRA na HELB zote hufanya kazi ndani ya kivinjari, na kivinjari ni kilekile. Majedwali ya Mama yalifunguka kwenye LibreOffice bila kulalamika. Skana ndiyo ilinisumbua, ilinila nusu ya usiku, sitaficha. Kuwaka, mashine ilikuwa inachukua zaidi ya dakika tatu. Mama alikuwa anabonyeza kitufe halafu anaenda kukamua. Sasa inachukua kama nusu dakika. Malalamiko yake ya kwanza yalikuwa kwamba hana tena muda wa kukamua.

Nakala za akiba: kila jioni faili zinajinakili zenyewe kwenye diski ya nje, na kwa wiki mara moja zinakwenda mtandaoni. Hiyo haikugharimu chochote ila aibu.

Wanaonipinga

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi, mwandishi wa programu kama mimi, alinicheka. Akasema natukuza umaskini, na kwamba wikendi yangu mbili, nikizipigia bei ya kazi zangu, zinanunua laptopu nzima. Hoja hiyo ina uzito. Asiye na mtoto, mpwa au jirani anayejua kompyuta atalazimika kumlipa fundi, na fundi wengi mijini kwetu hawaijui Linux. Lakini namjibu hivi: wikendi ile ilikuwa ya kwenda nyumbani kwa vyovyote vile. Na fundi mmoja akijifunza kazi hii, anaweza kuifanya kwa boma hamsini.

Wa pili alisema Wazungu wanatutupia takataka zao nasi tunashangilia. Hapa nakubali nusu. Mashine mbovu zinazoletwa kwa jina la ex-UK zipo, na zikifa zinaishia kwenye shimo nyuma ya nyumba, betri na risasi zikinywea ardhini juu ya vijito vyetu. Lakini tiba ya takataka ni kukawiza kutupa. Kila mwaka ninaoiongezea OptiPlex ni mwaka mmoja ambao haimo shimoni.

Kuna na hoja ya kusubiri bei ishuke. Zamani tulizoea kwamba ukingoja mwaka kompyuta inakuwa rahisi. Mwishoni mwa 2025 mambo yaligeuka. Bei ya RAM ilipanda vikali duniani kwa sababu vituo vikubwa vya data vya akili unde vilikuwa vinainunua yote, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kuuzia watu wa kawaida bidhaa zake za Crucial. Kwa hiyo mwenye mashine inayofanya kazi asidhani kwamba anachokitupa atakirudishia kwa urahisi.

Na huku kwetu neno "mashine mpya" si jepesi. Mei 2023 watu waliokasirika waliteketeza mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, kwa sababu mashine moja ilichukua kazi ya mikono mingi. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu, na mimi ni mtu wa mashine. Lakini swali walilokuwa wakiuliza ni la haki, na ni lilelile ninalomwuliza fundi wa dukani: kipya hiki kinamfaidi nani? Mama akinunua, Microsoft wanafaidi, muuzaji anafaidi. Mama anapata jedwali lilelile la kilo, likiwa na pembe za mviringo.

Ni lini ung'oe

Sisemi mashine isifukuzwe kamwe. Kuna michai inayong'olewa pia. Kwa maoni yangu, nunua nyingine ikiwa moja kati ya haya ni kweli:

1. Bodi yenyewe imekufa, au umeme wake unakatika katika hata baada ya kubadilisha kifaa cha kugawia umeme. Usimwage pesa kwenye maiti.

2. Prosesa ni ya nyuzi mbili za zamani sana na bodi haikubali RAM zaidi ya GB 2 au 4. Mtandao wa sasa utaikaba.

3. Kazi inayokulisha inahitaji programu isiyokubali Linux. Baba mdogo wangu anachora ramani za nyumba kwa programu ya Windows tu, na wateja wanataka faili za programu hiyo. Yeye nilimwambia anunue, na sikusita.

4. Umeme wenu unapotea mara nyingi jioni na kuna mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Laptopu yenye betri nzima ina haki yake hapo. Msimu wa mvua kwetu radi haina mchezo. Sisi tulinunua kinga ya soketi, na radi ikianza dada yangu huchomoa kila kitu, hata redio.

Ukinunua ya mtumba, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza rangi, na hakikisha ni cha nane kwenda mbele ikiwa unataka Windows 11. Kuna mafundi wanaoiweka Windows 11 kwa hila kwenye mashine zisizotimiza masharti. Inawaka vizuri, mteja anafurahi. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo umelipia ua usio na fundi, uleule uliokuwa unaukimbia.

Vinginevyo, pogoa. SSD kwanza, RAM pili, mfumo endeshi unaopewa viraka tatu, na kabla ya vyote vitatu, nakala ya faili zako.

Mwisho wa hadithi

Bonasi ililipa karo ya Januari. Kilichobaki kilikwenda kwa deni la duka, na kidogo kikanunua paa la banda la ndama ambalo limekuwa likivuja tangu niko chuoni. Hakuna aliyekuja kupiga picha. Ukimwuliza Mama kuhusu kompyuta atakuambia ni ileile, ila imeacha uvivu.

Mint 22 itapewa viraka hadi mwaka 2029. Kile kipande cha juu cha shamba kitafika zamu ya kupogolewa tena karibu na wakati huohuo, na nimemwahidi Mama kwamba tutaifungua mashine siku ileile na kuamua upya. Huenda wakati huo itastahili kung'olewa. Sina uchungu nayo kiasi hicho. Ninachokataa ni kuamuliwa na ujumbe uliojaza skrini mwezi wa bonasi.

Lakini 2023 bado inaniuma. Diski ile inayogonga nimeitunza kwenye droo, nikitumaini siku moja nitapata njia. Mama hajaitaja tena. Ila kila jioni akimaliza kuingiza kilo, hunitumia ujumbe wa neno moja kwenye simu: "Imenakili."

Haya, nanyi mnatumia mashine ya mwaka gani? Na, la muhimu zaidi, mara ya mwisho kuweka nakala ya faili za wazazi wenu ilikuwa lini? Msinijibu mimi. Wapigieni wao.

Saisere, hadi wakati mwingine.